Wageni wa Mishi

Msambweni,
Jumatano, 8 Januari 2025

Mpenzi Shangazi Mwanafatuma,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta u mzima, na koo halikusumbui sana kwa joto hili la kaskazi. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu, magoti yanamuuma lakini kila asubuhi yumo shambani, haambiliki.

Nimeona bora nikuandikie. Kukupigia simu nikawa nasema peke yangu, huku nasikia pumzi zako tu upande wa pili, kunanitia huzuni. Na ujumbe wa simu huutaki, wasema herufi zake ni ndogo kama mchanga. Ishak wa samaki amekubali kutubebea barua kila ajapo kuuza Msambweni.

Habari kubwa ni kwamba darasa langu limeanza. Tuko katika ukumbi wa kikundi cha akina mama, nyuma ya soko, kila Jumatatu na Alhamisi baada ya adhuhuri. Wanawake kumi na wanne, wote wakazi wa hapa hapa, na ninawafundisha kusema mbele ya watu na kusherehesha shughuli, kazi niliyoifanya miaka minne hotelini Diani, na ambayo niliianza nikiwa mtoto nikikubebea waya wa maiki. Wamechoka kuletewa maemsii kutoka Ukunda wanaochanganya Sheng na kuwapigia kelele wazee. Tunataka wawe tayari kabla ya Ramadhani, kwa maana Shaaban hii arusi ni nyingi.

Ungewaona ungecheka. Maimuna, ambaye sauti yake hutoka jikoni kwake ikafika nyumba ya nne, alipewa maiki akaishika kama amepewa nyoka. Rispah, mke wa bawabu mmoja, mtu wa Busia, alisalimia watu mara tatu kisha akasahau jina lake. Zoezi lilikuwa kila mmoja akaribishe wageni wa arusi ya kubuni. Wakakaribisha gavana, wakakaribisha maharusi, mmoja akamkaribisha mkwewe aliyegombana naye.

Mwisho alisimama Mishi. Ana miaka ishirini na mitatu, watoto wawili, na tangu alipoingia hakuwa ameinua macho. Nilidhani atalia. Akaishika maiki, akatazama mwisho wa ukumbi kwenye mkeka usiokuwa na mtu, akasema, "Karibu, Bi Saumu binti Juma, kutoka Kinango. Pole kwa safari. Pita uketi." Shangazi, ilikuwa sauti nzima, nzito, na ile "karibu" aliivuta kisha akaishusha taratibu, vile vile ulivyokuwa ukifanya wewe. Tukampigia makofi. Nikamwuliza jina hilo amelipata wapi. Akanitazama kama mtu asiyeelewa swali.

"Si yule pale, mwalimu?"

Wenziwe wakacheka, nami nikacheka. Nieleze, shangazi: hofu ya watu wewe uliishindaje? Nataka niwafundishe ulivyonifundisha.

Mwanao akupendaye,
Warda


Majoreni,
Jumamosi, 11 Januari 2025

Mwanangu Warda,

Marahaba, marahaba sana. Barua yako imefika ikinuka changu na tafi, lakini imefika. Mimi sijambo, namshukuru Mola. Koo ndilo hilo. Nakunywa uji, naandika ninachotaka dukani kwenye kidaftari, na watoto wa mtaa wameshajifunza kusoma kwa ajili yangu. Mpe wifi yangu salamu. Mwambie apake mafuta ya nazi yaliyochemshwa na kitunguu saumu, na shamba halitakimbia.

Hofu haiondoki, usiwadanganye wenzako. Mimi miaka thelathini kila nikishika maiki nilikuwa nayo. Waambie wasianze kusema mpaka wamvute pumzi mtu wa mbele, yaani wamtazame mpaka naye awatazame. Waanze na mkubwa kuliko wote aliyemo. Wasiseme "bila kupoteza wakati", maana hapo ndipo wakati hupotea. Na mzaha wa kwanza wajifanyie wenyewe, si wa bibi arusi. Huyo Maimuna mpe kazi ya kuita watu kwenye chakula. Sauti ya jikoni ina mahali pake.

Kikubwa ni hiki. Mshereheshaji ndiye mwenye nyumba kwa saa hizo chache. Ajuaye linalotokea nje ni yeye, na linalopaswa kusemwa ni lazima aliseme yeye. Wafundishe hilo hata kama mengine yote watayasahau.

Jambo dogo nakuuliza. Huyo uliyemtaja mwisho, Mishi, ni mtoto wa nani? Mamake ni wa wapi?

Shangazi yako


Msambweni,
Jumanne, 21 Januari 2025

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. U hali gani? Sisi wazima, ila mimi silali vizuri, na sababu nitakueleza.

Uliniuliza habari za Mishi. Mamake alikuwa mtu wa Vanga, amekwisha kufariki. Amelelewa Lunga Lunga, ameolewa hapa. Kinango hajawahi kufika maishani mwake, na jamaa huko hana.

Kila siku ya darasa anaongeza mgeni mmoja. Huwaita wa zamani kwanza, kisha mpya. Hadi jana wamekuwa watano: Saumu, Chizi, Mbeyu, Umazi, Nzingo. Mimi sijui mtu wa majina hayo. Mwanzoni wenziwe walifurahi, wakasema huyu amejaliwa. Sasa hawacheki. Wameanza kuketi mbele, wamebanana, na ule mkeka wa nyuma hakuna aukaribiaye, wala hakuna aliyewakataza.

Alhamisi Maimuna alibaki kufagia, akaniita. Mkeka ulikuwa umelowa. Si maji ya kumwagika. Ulilowa mahali mahali, kama watu walioketi na nguo zinazochuruzika. Mvua hapa hatujaiona tangu Desemba. Nikainama nikaunusa. Mimi ni mtoto wa pwani, najua harufu ya maji ya chumvi. Hii ilikuwa ya matope ya mto.

Jana nilimweka Mishi kando, tukaketi kwenye ngazi ya ukumbi yeye na mimi. Nilimwuliza kwa upole anawaona akina nani. Alijibu huku akifunga na kufungua fundo la leso yake, kwa ile sauti yake ya kila siku ambayo huisikii ila usogee. Alisema wanakuja mmoja mmoja, wamevaa leso za arusi, na kila ajaye husimama mlangoni akingoja aitwe. "Hawawezi kuingia wenyewe, mwalimu. Wanangoja maiki."

Nikamwuliza kama anaogopa.

"Naogopa siku nisipowaita," akasema.

Shangazi, nimekulia chini ya sauti yako. Nilikuwa nikilala mapajani mwa Mama arusini, nawe uko kwenye maiki, na nilijua yote ni salama kwa kuwa nakusikia. Akiwaita wale watu, Mishi huwa hana sauti yake. Huwa na yako. Unadhani hili ni jambo la kupelekwa kwa shehe, au ni mimi ninayejitisha?

Mwanao,
Warda


Majoreni,
22 Januari

Warda,

Nimepokea. Mtoe huyo mwanamke darasani. Mwambie nafasi zimejaa, mwambie lolote. Na mamako usimtajie hata jina moja katika hayo.

Wa sita, kesho, atakuwa Riziki binti Kenga. Nikikosea, nicheke. Nikipatia, usiniulize kitu.

Shangazi


Msambweni,
Jumanne, 28 Januari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Hukunisalimia katika barua yako. Tangu niijue kalamu hujawahi kuniandikia bila salamu, na hilo lilinitisha kabla sijafika mstari wa pili.

Alikuwa Riziki. Binti Kenga, kutoka Kinango. Nilikuwa sijamwonyesha mtu barua yako. Ilikuwa imekunjwa ndani ya sidiria yangu. Mishi alipokwisha kumkaribisha alinigeukia, maiki bado iko midomoni, akasema, "Bado mmoja. Yule anangoja wenziwe waketi kwanza."

Jana nilimwambia asije. Hakubisha. Alinishika mkono akasema, "Basi ni wewe utakayewaita," akaenda zake.

Darasa la jana halikuwa darasa. Ulipofika wakati wa kukaribisha wageni, kila niliyempa maiki aliifikisha kinywani na neno lisitoke. Maimuna, Rispah, wote. Walikuwa wakitazama mlangoni. Mwisho Rispah akauliza polepole, "Mwalimu, kuna mtu amesimama hapo?" Mlango ulikuwa wazi. Nje palikuwa jua tupu.

Nambie ulijuaje. Sikuulizi tena kama mtoto.

Warda


Majoreni,
Jumatatu, 10 Februari 2025

Mwanangu Warda,

Asalaam alaykum. Sina uso wa kukuuliza hali, lakini nakuuliza. Hujambo? Mamako hajambo?

Ishak amepita mara tatu kuchukua barua, mara tatu nimempungia mkono aende. Nimeandika nikachana. Hii nisipompa leo sitampa tena.

Unajua kwamba wazazi wako walioana hapa Majoreni, Novemba ya mwaka wa tisini na saba, wakati wa ile mvua kubwa. Unajua pia kwamba lori lililokuwa likileta jamaa za mamako kutoka Kinango lilichukuliwa na maji kwenye kivuko cha mto, wakafa wanawake saba. Mamako alikwambia hayo siku moja kisha akafunga kinywa. Majina yao hakukutajia; hawezi kuyatamka. Usilolijua ni hili.

Mamako alikuwa ameletwa siku mbili mbele, akawekwa kwa mjombake hapa. Babake na wazee wa Kinango nao walikuwa wameshafika. Lori lilikuwa la wanawake. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na tisa, dada wa bwana arusi, na maiki ilikuwa mkononi mwangu tangu asubuhi. Saa tano hivi akaja mtu kwa baiskeli, jina lake Kenga, mkulima wa karibu na mto, matope mpaka kifuani. Babu yako, yaani babangu mimi, alimkuta nje ya turubai. Nami nilikuwa hapo nyuma, kwenye jenereta. Nilisikia kila neno. Lori limelala ubavu. Dereva na utingo wametoka. Wanawake saba wameshika mti katikati ya maji. "Nipeni kamba na watu," akasema. "Maji yanapanda."

Babu yako akamwambia atangulie, watu watamfuata. Kisha akanigeukia. Warda, watu wa Kinango hawakuipenda ndoa ile, na babake mamako alikuwa ametoa idhini shingo upande. Babu alijua arusi ikivunjika siku ile haitafungwa tena. Akaniambia, "Akad isomwe kwanza. Ni nusu saa tu. Wewe endelea."

Shehe naye alikuwa amekwamishwa na mvua iyo hiyo. Nusu saa ikawa saa tatu. Pale uwanjani walikuwapo wanaume zaidi ya mia, wavuvi, watu waliozaliwa majini. Neno moja kwenye ile maiki lingewatoa wote mbio. Nami nikaongoza ngoma ya vugo, wanawake wakapiga pembe wakaimba. Nikafanya mizaha. Wazee wa Kinango walipoanza kuuliza wake zao wako wapi, babu alinikonyeza, nikatangaza kwamba wageni wetu wako njiani, tuwatandikie mkeka. Nikawataja kwa majina, mmoja mmoja, nikawaambia karibuni. Mkeka ukatandikwa.

Akad ilisomwa saa nane. Hapo ndipo watu wakaambiwa.

Kenga alikuwa na kamba moja, haikufika. Alikaa ukingoni akitazama njia. Mwaka uliofuata alinijia hapa nyumbani, akanieleza walivyouachia ule mti, mmoja baada ya mwingine. Alisema hakumwambia mtu mwingine na hatamwambia; alitaka niubebe mzigo huo mimi, naye alikuwa na haki. Saumu. Chizi. Mbeyu. Umazi. Nzingo. Riziki, ambaye alikuwa bintiye mwenyewe, aliyeolewa Kinango. Wa mwisho ni Mwaka, dada mkubwa wa mamako, aliyekuwa akiwashikilia wenziwe; yeye aliachia kabla kidogo ya saa nane. Kenga alikufa zamani. Mpangilio wa majina hayo hakuna aujuaye ila mimi.

Babako alikufa hajui. Nami nilijipoza kwa kujiambia kwamba ningesema, ndoa isingefungwa, na wewe usingekuwapo. Nilikuwa nikikutazama umelala arusini mapajani mwa mamako, nikasema, huyu ndiye jibu. Haikunitosha hata siku moja. Lilipokuja koo, daktari alisema ni uvimbe, akakata. Sikubishana naye.

Mamako hajui kusoma, kwa hiyo barua hii haiwezi kumfikia ila kwa kinywa chako. Nakuomba kinywa hicho kisifunguke. Nimekwisha kuwa mzee, na yeye ndiye wifi niliye naye.

Shangazi yako


Msambweni,
Ijumaa, 14 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimesoma. Nimeisoma shambani nikiwa nimempa Mama kisogo, naye akiniuliza kama ni barua yako na kama umetumia ile dawa ya asali aliyokupelekea.

Hasira ninayo, lakini kila nikiishika nakuta mwisho wake niko mimi.

Jumamosi ijayo, tarehe ishirini na mbili, ni sherehe ya kufunga darasa. Mama nilikwisha mwalika awe mgeni wetu wa heshima, tangu kabla ya barua yako, na ameshashona dera. Kumzuia siwezi. Nimemtoa Mishi kwenye ratiba kabisa. Atakuwapo, lakini maiki hatashika. Kusherehesha nimempa Rispah, kwa sababu ni mtu wa mbali, asiyejua chochote. Orodha ya wageni nimemwandikia kwa mkono wangu. Arusi zimeshaanza kuwaita wanawake hawa. Siwezi kuwaharibia siku yao.

Nasoma mstari huo wa mwisho nasikia sauti ya babu.

Warda


Msambweni,
Jumatatu, 24 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Natumai u mzima. Nakuandikia niliyoyaona, na yaliyofanywa na mimi, ili uyapate kwangu na si kwa watu wa sokoni.

Ukumbi ulijaa. Tuliweka mabenchi mpaka nje, tukatundika leso dirishani, tukapika pilau. Rispah alikuwa hodari kupita nilivyotarajia. Alianza na mkubwa aliyemo, akajitania kwa Kiswahili chake cha Busia mpaka wazee wakafuta machozi. Wanawake walinena mmoja mmoja: namna ya kupokea posa, namna ya kutoa rambirambi, namna ya kumnyamazisha mlevi arusini bila kumvunjia heshima. Mama alikuwa benchi la mbele, kwenye dera lake la kijani, akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeumba hotuba.

Kisha Rispah akafungua karatasi yangu awakaribishe wageni wa heshima. Walikuwa watatu: mwenyekiti wa kikundi, ustadha wa madrasa, na Mama, niliyemwandika Bi Mejumaa. Akawasoma watatu. Mama akapungia watu mkono. Rispah hakushusha karatasi. Nilimwona akivuta pumzi, na bega lake likalegea, kisha ikatoka ile sauti yako.

"Na Bi Mwaka binti Mangi, kutoka Kinango, dada yake Bi Mejumaa. Umechelewa, mama, lakini umefika. Pita uketi karibu na mdogo wako."

Shangazi, Mama alisogea. Kabla hajashtuka, kabla hajaelewa, mwili wake ulisogea kwenye benchi ukaacha nafasi ya mtu. Nilikiona kitambaa cha benchi kikibonyea, na mwanamke aliyekuwa ng'ambo ya pili akavuta dera lake lisikaliwe.

Kisha Mama akasimama. Alimwuliza Rispah nani amempa jina hilo. Rispah, amerudi kwenye sauti yake, akamgeuzia karatasi. Majina matatu. Mama hasomi, lakini mistari mitatu anaweza kuihesabu. Akanigeukia.

Mimi nilikuwa kwenye mitambo. Wimbo wa kufungia sherehe ulikuwa tayari na kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nilitaka kukibonyeza, nakwambia kweli. Watu wangecheza, ningemchukua Mama nyumbani, ningesema ni joto. Mishi alikuwa ameketi mlangoni. Alinitazama.

Nikaichukua maiki. Nikasema yote, mbele ya watu mia mbili. Kamba, mti, saa tano, saa nane. Nikamtaja babu. Nikakutaja wewe. Nikawataja wale saba mpaka Mwaka, na sauti yangu ilikuwa yangu, ya kukatikakatika.

Mama alisikiliza akiwa wima mpaka mwisho. Aliniuliza jambo moja: "Mwaka aliachia saa ngapi?"

Nikamwambia kabla kidogo ya saa nane.

"Hapo nilikuwa navishwa," akasema. "Nilimwuliza wifi yangu, alipokuja kunitazama, dada yuko wapi, akaniambia tulia, usiharibu wanja."

Akatoka. Mishi ndiye aliyemshika mkono akamvusha barabara. Jana asubuhi amekwenda kwao Kinango, hakuniaga, na simu ameizima.

Jana hiyo hiyo nilikwenda kufungua ukumbi. Mkeka ni mkavu. Mishi alikuja kunisaidia kuosha vyombo, akawa anasema kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, yenye mkwaruzo kidogo. Ameitwa kusherehesha arusi moja Tiwi baada ya Idi, na anataka nimsikilize kabla. Sauti yake ndogo, lakini watu watanyamaza wapate kuisikia.

Uliniomba nisiseme. Nisamehe, au usinisamehe. Niandikie tu.

Mwanao,
Warda


Majoreni,
Jumatano, 19 Machi 2025
18 Ramadhani

Mwanangu Warda,

Marahaba, na salamu za mwezi mtukufu ziwe juu yako. Mimi mzima. Wewe je, unafuturu vizuri peke yako humo nyumbani? Usiache uji.

Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa nangoja. Sikujua nangoja nini mpaka juzi alasiri, mamako aliposimama mlangoni pangu na kifurushi chake kichwani. Hakupiga hodi. Alisimama tu, mpaka nikainuka nikampa ishara apite.

Akaketi. Akasema, "Nataka uniambie siku ile, tangu alfajiri. Usiruke." Nikamwonyesha koo. Akasema anajua. Basi nikachukua daftari, maana sina njia nyingine, nikaanza kuandika, huku nawaza nitamwita nani anisomee, na mtoto gani wa jirani nimtie mambo haya kichwani. Niliandika mvua ya alfajiri. Niliandika turubai lilivyovuja. Mamako alikuwa ameketi mkekani kuelekea ukutani, mikono mapajani, na kila baada ya muda aliitikia kwa kichwa.

Nikadhani anawaza yake. Nikafika pale Kenga alipokuja. Mamako akasema, "Polepole."

Nikainua kalamu. Hakuwa akinitazama mimi. Nilikuwa sijamsomea, Warda. Hakuna aliyemsomea. Chumbani tulikuwa wawili, na mimi tangu kisu cha daktari sitoi hata mluzi. Nikaandika mistari mingine miwili, naye akauliza, "Na wewe wakati huo ulikuwa ukiimba nini?"

Hapo nilikuwa sijafika. Nilikuwa nimefika kwenye jenereta tu.

Nilimwandikia wimbo wote. Ni ule wa kumsifu dada wa bibi arusi. Aliusikiliza mpaka ubeti wa mwisho, akalia kidogo, akajifuta, akaniuliza tende ziko wapi kwa kuwa magharibi imekaribia. Tukafuturu pamoja. Hajasema amenisamehe. Nami sijamwomba, si jambo la kuombwa kwa karatasi. Jana tumeendelea, leo tumemaliza. Analala chumba cha nyuma, namsikia akizungumza, na husita kama mtu anayepisha mwenziwe ajibu.

Wewe ulifanya kazi yangu, mwanangu, na uliifanya kwa sauti yako. Sina cha kukusamehe.

Mvua zimeanza bara, watu wanasema mto umeshabadilika rangi. Kesho asubuhi tunakwenda kivukoni, yeye na mimi. Ishak atatupeleka. Mamako anataka wale saba waitwe pale pale waliposhika mti, na amesema mwitaji ni mimi. Nimemwonyesha koo tena, nikidhani amesahau.

"Wewe fungua kinywa tu," akasema. "Wao watakusikia."

Shangazi yako